Kopo Ambalo Sista Hakulionja

Nazi iliyokunwa ikishaanza kubadilika rangi kwenye kikaango, usiitike hodi wala usipokee simu. Inakaa nyeupe muda mrefu mpaka unaichoka, halafu ghafla inakuwa ya kahawia, na ukigeuka kidogo tu imeungua. Najua hayo tangu nikiwa mtoto, na bado juzi niliiunguza. Simu iliita, nikaona ni mdogo wangu anayeishi Ngara, nikapokea. Aliniambia habari zimefika parokiani kwamba Sista Lestari amefariki huko kwao Java, kwa uzee tu, kitandani kwake, masista wenzake wakiwa wamemzunguka. Nilisimama na mwiko mkononi nikisikiliza. Nilipokumbuka jiko, moshi ulikuwa umejaa nyumba, na mume wangu alikuwa mlangoni akiuliza kama nimeamua kuichoma nyumba au kuna jambo jingine.

Niliimwaga ile nazi, nikaanza upya. Siku hizi naishi Runazi, ambako nazi ni kitu cha kumwagiza dereva wa basi na kukisubiri, na kuimwaga si jambo la mzaha. Lakini siku hiyo sikuona uchungu wa nazi. Nililia nikikuna ile ya pili, na sikuvisingizia vitunguu.

Kwetu ni Kanazi, wilaya ya Ngara, na nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima cha misheni, karibu na zahanati. Sista Lestari alifika pale kabla sijaanza shule. Alikuwa mkunga. Alikuwa mfupi kuliko mama yangu, na baiskeli yake ilimzidi kimo, kwa hiyo kila alipotaka kuipanda alitafuta kwanza jiwe au kisiki. Alisema Kiswahili cha kitabuni, kila neno amelipiga pasi, na sisi tuliokikuta Kiswahili shuleni baada ya Kihangaza cha nyumbani tulimwona ni mwenzetu. Alitusimulia kwamba alipoambiwa anapelekwa Kanazi alifurahi sana, akidhani ni mahali pa minazi. Akafika, akakuta migomba, maharage na baridi.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupeleka kidumu cha maziwa kwa masista, na Jumamosi, siku isiyo na shule, sikuwa na haraka ya kurudi. Jikoni kwao ndiko nilikoiona nazi kwa mara ya kwanza. Ninyi wa rika langu mliosomea huku bara mtakumbuka: nazi tuliijua kwa picha ya kitabu cha darasa la kwanza, kitu cha kijani juu ya mti usio na matawi. Sasa hizi tatu alizoletewa Sista na dereva wa lori la kwenda mpakani zilikuwa za kahawia, zina manyoya, na upande mmoja zina macho mawili na mdomo. Niliweka kidumu chini taratibu.

"Sista," nikauliza, "hawa tumbili wamekufa lini?"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha aliipasua moja kwa mgongo wa panga, akabandua vipande viwili vyeupe, kimoja akakitafuna yeye, kingine akanipa. Nilikitafuna kwa woga, nikijua vizuri kabisa kwamba nakula kichwa cha mtu fulani wa msituni.

Mbuzi ya kukunia nazi nadhani haikuwepo Ngara nzima. Sista alikuwa amechukua bati la kopo, akalitoboa matundu kwa msumari, na upande wenye meno ndio aliokunia. Viungo alivisaga kwenye kinu cha jiwe kilicholala kama sahani, ambacho alikibeba sandukuni kutoka Java pengine badala ya nguo, maana nguo hakuwa nazo. Alisaga giligilani, vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi na manjano, akavikaanga, akatia mchaichai na majani ya mlimau, maji ya ukwaju na sukari guru, ndipo nazi ikaingia. Baada ya hapo ni kugeuza. Kugeuza hakuna mwisho. Mkono wangu wa kulia ulichoka, nikahamia wa kushoto, na ule moshi mtamu wenye uchachu ulinipanda puani mpaka mate yakanijaa kinywani. Mwishowe kilichobaki kilikuwa kikavu, chepesi, cha rangi ya udongo wetu wa kiangazi. Aliniambia kinaitwa serundeng. Unakinyunyizia juu ya wali, akasema, na hata wali wa maskini unakuwa wa sikukuu.

Nilikimbia nyumbani kutangaza kwamba Sista anakula vumbi la mbao na kwamba ni tamu kuliko nyama. Bibi alinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Bibi alikuwa mama yake baba, na ndiye aliyekuwa mkuu wa nyumba, kwa sababu baba alikuwa Nyamigogo, huko Biharamulo, alikokodi shamba la mahindi, akirudi msimu kwa msimu. Bibi hakuwa mkali, ila alikuwa na uhakika. Kila kitu duniani alikijua kinavyofanywa, na kama hukukifanya hivyo, basi ulikuwa na sababu mbaya. Kiswahili hakukijua zaidi ya "shikamoo", "marahaba" na "bei gani". Sista alipokuja kwetu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa wote wawili, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Sista alikuja mara nyingi mwaka ule kwa sababu mama alikuwa mjamzito. Baada yangu mama alikuwa amezaa mara mbili, mara zote mbili nyumbani, mikononi mwa Bibi, na mara zote mbili tulizika. Mara ya pili nusura tumzike na mama mwenyewe. Safari hii mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kubishana na mtu, alisema atajifungulia zahanati kwa Sista. Bibi alikubali kwa shingo upande. Sista alimpima, akasema mtoto hajakaa vizuri, kwa hiyo uchungu ukianza tu aletwe, wasimsubirishe. Hilo hata mimi nililielewa. Nililala nalo na kuamka nalo: uchungu ukianza, mama apelekwe.

Shida ilikuwa kula. Mama kila kitu kilimchefua. Ugali aliutazama tu, maharage aliyasukuma, ndizi alimega mara mbili akaniachia mimi. Mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Sista alimwangalia mikono ile, akatikisa kichwa, na Jumamosi iliyofuata nilipopeleka maziwa nikamkuta anakuna nazi.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mtu wa kwetu haelezwi, maana analinyonya pamoja na maziwa. Kwetu humpi mtu kitu cha kutia kinywani mpaka wewe mwenyewe umekionja mbele ya macho yake. Pombe ya ndizi ikiletwa, mwenye nyumba anaanza yeye, ndipo mgeni anapokea. Chakula kikitoka kwa jirani, aliyekileta anamega kidogo. Si dharau wala si kumshuku mtu. Ni kama kubisha hodi: unamwambia mwenzako kwamba humu hamna kitu, na kama kimo, basi tutakufa wote. Kwamba kuna watu duniani wasiolijua hili, hilo halikuwahi kumpitia mtu yeyote wa pale kwetu akilini.

Nazi ilipokuwa tayari Sista aliijaza kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika, akanipa.

"Tangulia nalo," alisema. "Mimi napitia zahanati, nakuja nyuma yako. Ni la mama. La mama peke yake, umesikia?"

Nilisikia. Nilitembea nalo vizuri kabisa mpaka kwenye mikaratusi, ambako njia inakata kona na misheni haikuoni. Kopo lilikuwa bado la moto. Nilifungua kifuniko ili ninuse tu. Nikachota kidogo kwa vidole vitatu. Nikafunga, nikaenda hatua kumi, nikafungua tena ili kuhakikisha kwamba nilifunga vizuri. Nilihakikisha mara nne. Kisha nikalitikisa kopo ili juu pawe sawa, nikajifuta mdomo kwa sketi, nikaenda zangu nyumbani kama malaika.

Bibi alikuwa uani akichambua maharage pamoja na jirani yetu Mama Editha, mwanamke mwenye roho nzuri na mdomo usio na mlango. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Sista alifika muda si mrefu, akaegemeza baiskeli, akasalimia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Nikamkabidhi Sista kopo, yeye akampa mama kwa mikono miwili, vizuri, kwa heshima. Bibi akanyoosha mkono, akalichukua kutoka kwa mama, akalifungua, akalinusa, akamrudishia Sista. Akaniambia, "Mwambie aonje."

"Sista, Bibi anasema uonje."

Sista aliweka mkono kifuani, akatabasamu. "Hapana, Bibi. Asante sana. Mimi siwezi. Ni cha mama tu."

Nikatafsiri neno kwa neno, kama nilivyozoea kujivunia. Anasema hapana, hawezi. Ni cha mama tu.

Mikono ya Mama Editha ilisimama ndani ya maharage. Bibi alimtazama Sista kwa muda mrefu, akasema tena, polepole, kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa, "Mwambie aonje. Kidogo tu. Hata punje moja."

Nilimwambia. Sista akatikisa kichwa, bado anatabasamu, na uso wake ukawa mwekundu kidogo. "Naomba anisamehe. Leo siwezi. Mama ale mara tatu kwa siku, atapata nguvu."

Bibi alilichukua kopo mikononi mwa Sista, akalifunika, akaliweka nyuma yake. Sista aliagana na kila mtu kwa furaha, akatafuta jiwe lake, akapanda baiskeli. Alipopotea tu, Mama Editha alijishika kichwa.

"Yewe! Mmeona? Mmeona kwa macho yenu?"

"Nimeona," Bibi akasema.

"Na watoto wawili mliozika? Alikuwepo hapa misheni, au hakuwepo?"

"Mama," mama yangu alisema kwa sauti ndogo, "yule Sista ananipenda."

"Anakupenda, halafu anakupa kitu asichoweza kukitia kinywani mwake?" Bibi akauliza. Bibi hakulimwaga kopo, kwa sababu kuku wangekula. Alilipachika juu kwenye paa la jiko, ndani ya nyasi, likasubiri baba aje alizike mbali. Akatoa amri mbili: maziwa yasiende tena misheni, na mama asikanyage zahanati. Atajifungulia nyumbani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama pale pale. Watu wazima walikuwa wanaogopa sumu iliyokuwa kwenye kopo. Mimi sumu ilikuwa tumboni.

Msinicheke. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua nakufa. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajitayarisha kwa bidii. Niliosha miguu, kwa sababu nilikuwa nimeona marehemu akioshwa na sikutaka wakute magaga yangu. Nilimpa binamu yangu Domina penseli yangu ndefu bila kumwambia sababu, naye akaipokea bila kuuliza, jambo ambalo liliniuma. Nilimuaga mbuzi. Nilisali sala ya kutubu mara tatu, na kila nikifika mahali pa kutaja dhambi nilitaja nyingine zote isipokuwa ile. Kisha nikalala kwenye majani ya migomba, mikono kifuani, nikisubiri. Nilikuwa bado nasikia ladha ya nazi kwenye jino moja. Naona aibu kusema kwamba hata wakati ule ilikuwa tamu.

Asubuhi niliamka mzima. Sikufurahi sana, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba kuna sumu za haraka na kuna za polepole. Jumapili ikapita. Jumatatu nikala viazi vingi. Jumanne, njiani nikitoka shuleni, nilikuwa nikiruka kamba na wenzangu, nikasimama katikati ya kamba, ndipo nikaelewa: sitakufa. Hamna kitu kwenye lile kopo zaidi ya nazi.

Ningekimbia nyumbani kusema. Mtu mwema angekimbia. Lakini kusema kwamba kopo halina sumu kulikuwa ni kusema kwamba nimelila, na kuiba zawadi ya mjamzito, tena kuila njiani nikiwa nimesimama, kwa Bibi lilikuwa kosa ambalo sikuwa nimewahi kuona likifanywa, kwa hiyo sikujua hata adhabu yake ina ukubwa gani. Tena kulikuwa na dawa. Bibi alikuwa na mizizi fulani ya kutapisha aliyowahi kumpa Domina alipomeza kitu, na Domina alitapika mpaka akamuita mama yake aliye Bukoba. Nilijiambia nitasema kesho.

Jumanne hiyo hiyo nikakutana na Sista barabarani. Alishuka kwenye baiskeli.

"Siku hizi maziwa hayaji. Ng'ombe anaumwa?"

"Ndiyo, Sista."

"Pole. Na mama? Anakula? Amekipenda?"

Nilimwamkia tena, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia, nikakimbia. Nilipogeuka bado alikuwa amesimama na baiskeli yake, akiniangalia. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Nilipita chini ya zahanati, nikamwona amekaa peke yake kwenye benchi, mizani ya kupimia watoto inaning'inia juu yake tupu. Habari ya kopo ilikuwa imezunguka kata nzima. Mama Editha hakuhitaji baiskeli. Nilimpenda sana Sista yule, na nilimwacha akae pale. Watu wakinisifu leo kwamba mimi ni mkweli, huwa namkumbuka kwenye benchi lile, na nabadilisha mazungumzo.

Alhamisi alfajiri mama alishikwa na uchungu. Bibi na Mama Editha waliingia naye ndani, mimi nikazuiliwa kwenda shule ili niteke maji. Niliteka maji mpaka mitungi ikajaa, nikateka tena. Jua lilipanda. Mwanzoni mama alikuwa akiguna, halafu akawa anapiga kelele, na halafu, karibu na saa sita, sauti yake ikaanza kupungua, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha, kwa sababu niliikumbuka kutoka mara ile nyingine. Nilikuwa mlangoni na ndoo kichwani nilipomsikia akisema, "Nipelekeni kwa Sista."

"Kwa nani?" Bibi akajibu. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mwanangu, kwa yule? Nikupeleke kwa mkono wangu mwenyewe?"

Mama hakujibu tena.

Sijui kama niliitua ndoo au niliiangusha. Najua maji yalinilowesha yote.

"Bibi, mimi nilikula!"

Alitoka mlangoni, mikono yake imelowa. "Ulikula nini?"

"Cha kwenye kopo. Cha Sista. Nilikula njiani kabla hajafika. Nilikula mara nne."

"Lini?"

"Siku ile ile, Bibi. Jumamosi."

Mama Editha alitokea nyuma yake. Bibi alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye jua, akanivuta kope chini, akanitazama ndani ya macho. Akanibonyeza tumbo. Kisha akahesabu kwa vidole, midomo ikienda bila sauti: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nilikuwa nalia na nikisubiri kofi. Alipofika Alhamisi alikunja ngumi.

"Umekaa siku zote hizi unalijua hili?"

"Ego," nikasema, yaani ndiyo.

Sijawahi kutazamwa tena namna ile na mtu yeyote, na sitaki. Lakini hakunipiga. Alivuta pumzi, akasema, si kwangu, ila kwa Mama Editha na kwa ua mzima, "Basi kimeonjwa. Kilitoka kwake, kikaonjwa na damu yetu, na huyu hapa amesimama. Waite vijana walete machela."

Mlima ule nilikuwa nikiupanda kila siku na maziwa, na sikuwahi kujua kwamba ni mrefu. Vijana wanne walibeba, Bibi akitembea ubavuni ameshika mkono wa mama, na mimi nilikimbia mbele kumwita Sista. Nilimkuta anafua mashuka ambayo hayakuwa na mtu wa kuyachafua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini alinitazama tu usoni, akatazama bondeni, akaona machela, akaanza kunawa mikono mpaka viwiko. Hakuuliza kwa nini tumechelewa.

Tulikaa kwenye lile benchi, Bibi na mimi. Bibi alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la khanga yake na alikishika kwa mikono miwili. Ndani walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini. Niliona mara moja, mlango ulipofunguliwa, mgongo wa Sista umelowa jasho, na mkono wa mama umening'inia kitandani. Nilimuuliza Bibi kama mama atakufa. Alisema, "Sijui," na kwa kuwa Bibi hakuwahi kusema sijui kuhusu kitu chochote, niliegemea ubavu wake na yeye akaniacha niegemee.

Jua lilikuwa limeshainamia upande wa Burundi tuliposikia mtoto. Kwanza kidogo, kama mtu anayekohoa, halafu kwa hasira. Sista alitoka akiwa ameegemea ukuta. Akasema ni wa kike, alikuwa ametanguliza miguu, na mama amepoteza damu lakini atapona. Huyo wa kike ndiye aliyenipigia simu juzi nikaunguza nazi. Hasira zake hazijapungua.

Sista alikaa chini, kwenye ngazi, si kwenye benchi. Bibi hakumshukuru. Alifungua pindo la khanga, akatoa lile kopo, likiwa bado na vijiti vya nyasi za paa, akaliweka magotini.

"Muulize," akaniambia, "kwa nini siku ile alikataa."

Niliuliza. Na kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha, nilimweleza Sista yote: kwamba kwetu anayetoa ndiye anayeonja, na kwamba alipokataa watu walidhani nini. Nilipofika hapo alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwa akiwaona akina mama wanapita mbali na zahanati wiki nzima, akasema, na alikuwa amefikiri kwamba labda chakula chake kinanuka.

Halafu akaeleza, polepole, kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi.

"Kwetu Java, mtu unayempenda akiwa na jambo zito, unafunga kwa ajili yake. Mama yangu alinifundisha hivyo. Unakula wali mweupe tu na maji. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna kitu chenye ladha. Mimi nilifunga kwa ajili ya mama yako, tangu nilipojua mtoto amekaa vibaya. Nilimwahidi Mungu, mpaka azaliwe. Hata nilipopika hiki, sikuonja. Nilinusa tu."

Nilimtafsiria Bibi. Bibi aliniambia nirudie. Nikarudia. Aliniambia nirudie mara ya tatu, sehemu ile ya chumvi, nikairudia, na akawa anamtazama Sista, mashavu yake yaliyoingia ndani, mabega yake madogo, mambo ambayo sote tulikuwa tumeyaona wiki nzima na hatukuyatazama.

Kisha akafungua kifuniko. Alichota kwa vidole vitatu, akatia kinywani mwake, akatafuna bila haraka, macho hayamtoki Sista, mpaka akameza. Akachota tena, akanyoosha mkono.

"Mwambie mtoto ameshazaliwa," alisema. "Ale."

Sista alikinga viganja vyote viwili, kama alivyowaona watu wetu wakipokea. Alikula. Alifumba macho, akatafuna, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, halafu akakunja uso kidogo kama mpishi.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akasema hapana, imetosha, na akachota tena.